Chupa Moja ya Chanjo kwa Nyumba Kumi

Somo letu la leo linahusu kuku. Siyo kuku wa kisasa wanaofungiwa ndani na kununuliwa chakula cha dukani. Ni hawa hawa wetu wa kienyeji, wanaochakura nyuma ya nyumba na kulala jikoni. Kila mtu anawajua ni wa nani, hata wakichanganyika na wa jirani.

Tunataka kujibu swali moja. Kwa nini nyumba yenye kuku 30 mwezi wa Juni inaweza isiwe na hata jogoo wa kuwika ifikapo Oktoba? Jibu lake watu wengi wanalijua nusu. Nusu ya pili ndiyo somo lenyewe.

KUKU NI FEDHA YA MWEZI GANI?

Hapa Madibira kazi kubwa ni mpunga. Skimu yetu ya umwagiliaji inapata maji ya mto Ndembera, na ina hekta 3,000 hivi za mashamba. Mpunga ukivunwa unaleta fedha nyingi kwa mara moja, halafu basi. Fedha ya mavuno ya Juni na Julai ikifika Desemba imeshakwenda. Deni limelipwa, bati limenunuliwa, harusi imechezwa.

Sasa Desemba na Januari ndipo kazi inapoanza upya. Miche iko kitaluni inangoja kupandikizwa. Vibarua wanataka chakula na ujira wao. Mwezi wa Januari shule zinafunguliwa, na mtoto anataka madaftari na sare. Gunia la mwisho la mpunga mtu anaogopa kuliuza, kwa sababu ndilo chakula cha nyumba. Basi nani analipa? Mara nyingi anayelipa ni kuku. Anakamatwa usiku jikoni, anafungwa miguu, na asubuhi anakwenda gulioni au anachukuliwa na mchuuzi mwenye pikipiki na tenga, wale wanaopeleka Mafinga na Iringa.

Tena tuseme kweli. Gunia la mpunga likiuzwa, baba ndiye anayehesabu noti. Jogoo akiuzwa, mara nyingi ni mama anayefunga fedha kwenye pindo la kanga. Kwa hiyo kuku wakifa, nyumba nzima inapata hasara, lakini aliyebaki mikono mitupu kabisa ni mama.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Tetea wa kienyeji hutaga mayai 10 mpaka 15, kisha huatamia kwa siku 21. Tufanye anafanya hivyo mara 3 kwa mwaka, kila mara mayai 12. Hayo ni mayai 36. Mengine yataharibika, mengine yataliwa. Tuseme vifaranga 27 wanaanguliwa. Hapo mwewe anachukua wake, kicheche anachukua wake, mvua na baridi ya usiku vinachukua wengine, na mmoja atakanyagwa na mbuzi. Wakibaki 12 wakakua, huyo ni mama mzuri. Mwenye matetea wawili atapata kuku 24 kwa mwaka, na hakununua chakula isipokuwa pumba na chenga za mpunga ambazo zingetupwa.

Mwewe na kicheche tunawapigia kelele kila siku. Lakini mwewe huchukua kifaranga mmoja mmoja. Yuko mwingine ambaye huchukua wote 24 kwa wiki moja.

KIDERI

Huyo ni kideri. Wengine huuita ugonjwa huu mdondo, na kweli kuku wanadondoka. Wataalamu huuita ugonjwa wa Newcastle, kwa jina la mji wa Newcastle huko Uingereza ambako ulitambuliwa mwaka 1926. Mwaka huo huo ulionekana pia katika kisiwa cha Java, nchi ya Indonesia. Kwa hiyo siyo laana ya kijiji chetu, wala siyo mkono wa jirani mwenye kijicho. Ni ugonjwa wa dunia nzima.

Unaletwa na kirusi. Kirusi ni kijidudu kidogo mno, hakionekani kwa macho, na huishi ndani ya mwili wa kuku. Kuku akishaambukizwa anaweza kukaa siku chache, mara nyingi 5 au 6, akionekana mzima. Halafu anajikunyata pembeni na kushusha mabawa. Hataki kula. Anapumua kwa shida, mdomo wazi, na udenda unamtoka. Anaharisha mharo wa kijani. Wengine shingo inapinda na kugeuka nyuma, au wanazunguka mahali pamoja kama aliyelewa, au miguu inapooza. Wengine hawaonyeshi lolote. Jioni wamepanda kulala, asubuhi wamekufa.

Katika kundi ambalo halijachanjwa wanaweza kufa karibu wote. Na dawa ya kuuponya hakuna. Neno hili nalirudia kwa sababu ndipo fedha nyingi inapopotea. Mtu anaona kuku wawili wamezubaa, anakimbia dukani, anauziwa dawa ya unga ya kuchanganya na maji. Dawa ile ni nzuri kwa magonjwa yanayoletwa na bakteria, lakini kirusi cha kideri haikigusi. Kadhalika shubiri, mwarobaini, pilipili na maji ya majivu. Wazee wetu walijaribu walichokuwa nacho, na siwacheki. Lakini kuku anayepona kideri baada ya kunyweshwa shubiri angepona hata bila shubiri.

JE, NI UPEPO?

Husemwa sana kwamba kideri huletwa na upepo wa kiangazi. Hapa watu wameona jambo la kweli, ila sababu ndiyo imepotea. Ni kweli kideri hutokea sana wakati wa kiangazi, kuanzia Juni mpaka mvua za kwanza. Ni kweli pia kwamba upepo unavuma. Lakini tazameni nini kingine kinatokea wakati huo huo.

Mpunga umevunwa, watu wana fedha, na sherehe ni nyingi. Kuku wananunuliwa huku na kule. Mchuuzi anapita Mkunywa, anapita Mahango, tenga lake lina kuku wa nyumba nane waliobanana. Mmoja ana kideri na haonyeshi bado. Anapofika kwako anafungua tenga, anaingiza wako, na mavi yanadondoka uani. Kesho kuku wako wanachakura palepale. Mgeni naye anakuja na jogoo wa zawadi. Binti anarudi kutoka kwa shangazi yake Mafinga na tetea mkononi. Mpunga uko juu ya turubai unaanikwa, na kuku wa nyumba tano wanakutana hapo kuudonoa huku watoto wakiwafukuza.

Halafu kuna hili baya zaidi. Nyumba ya jirani kuku wameanza kufa. Mwenyewe anaona bora auze waliobaki upesi kabla hawajafa. Anawapeleka gulioni Jumamosi. Naelewa uchungu wake, lakini siku ile ametawanya kideri kwenye vitongoji vyote vilivyokuja gulioni.

Kirusi hutoka kwenye mavi, kwenye udenda na kamasi za kuku mgonjwa. Husafiri kwa kuku mwenyewe, kwa tenga, kwa viatu, kwa chombo cha maji na kwa manyoya. Anayechinja kuku mgonjwa akamwaga manyoya, utumbo na maji ya kunyonyolea nyuma ya nyumba, amewatilia sumu kuku wa kitongoji kizima. Na kwetu sisi wa skimu kuna tabia ya kutupa mzoga kwenye mfereji, ati maji yataupeleka mbali. Yanaupeleka mbali, ndiyo, mpaka kwa wenzetu wa chini ambao kuku wao wanakunywa hapo. Mzoga uchomwe, au ufukiwe kwenye shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua. Kuku mgonjwa asiuzwe wala asiliwe.

CHANJO IPO

Dawa haipo, lakini kinga ipo. Chanjo inayowafaa kuku wa vijijini inaitwa I-2. Mbegu yake ilitafutwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia, waliotaka chanjo inayovumilia joto kuliko zile za zamani. Chanjo za zamani zilikufa njiani kabla ya kufika kijijini. Hapa nchini I-2 hutengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, kwa kifupi TVLA, na huuzwa kwa jina la TEMEVAC. Herufi zile TEME ni za Temeke, Dar es Salaam, ambako maabara yetu ya taifa ilianza kuitengeneza.

Chanjo hii haitaki sindano. Ni tone moja katika jicho moja la kuku. Kifaranga wa siku chache anapata tone moja, na jogoo mkubwa anapata tone moja lile lile. Kinga huchukua wiki moja mpaka mbili kujijenga. Kisha hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, kwa kuwa kinga hupungua na vifaranga wapya huwa wameanguliwa. Ukianza mwishoni mwa Mei, kabla kiangazi hakijakolea, zamu zako ni Mei, Agosti, Novemba na Februari.

Sasa msomaji atauliza: Ikiwa chanjo ipo, tena ni tone moja tu, mbona kuku bado wanakufa? Wengine watasema ni uvivu. Mimi siamini hivyo. Naamini tatizo ni chupa.

CHUPA NI KUBWA KULIKO NYUMBA

Chupa ya chanjo haiuzwi kwa kuku mmoja mmoja. Kipimo cha kuku mmoja huitwa dozi. Chupa moja huwa na dozi 100, au 200, au zaidi. Ikishafunguliwa inapaswa imalizike siku ile ile. Huwezi kuitunza kama mafuta ya kula. Nyumba nyingi zetu zina kuku 6, au 15, au 20. Basi mtu anayetaka kuchanja peke yake ananunua dozi 200 kwa kuku 6, na dozi 194 anazitupa. Mtu mwenye akili hawezi kufanya hivyo. Ndiyo maana mazungumzo kama haya husikika:

“Shemeji, umewachanja kuku?”

“Kuku gani? Mimi nina kuku sita tu. Chupa nzima ya nini?”

“Je, wakifa?”

“Wakifa wamekufa. Nitaanza tena na tetea mmoja wa kuazima.”

Huyu shemeji si mjinga. Amepiga hesabu ya nyumba moja, na kwa nyumba moja hesabu yake ni sahihi. Tuipige upya kwa nyumba kumi.

Tuseme nyumba hizo kumi zina kuku hivi: 14, 9, 22, 31, 6, 18, 11, 27, 5 na 17. Jumlisha. Utapata 160. Sasa ongeza vifaranga, maana watu wengi wakiulizwa idadi ya kuku husahau vifaranga. Tuseme wako 34. Jumla kuu ni 194. Chupa moja ya dozi 200 inawatosha, na matone sita yanabaki kwa ajili ya yale yatakayodondoka pembeni kuku akitikisa kichwa.

Gharama nazo tuzitaje. Bei hizi ni za mfano wa kujifunzia hesabu tu. Bei ya kweli ulizeni kwa bwana mifugo au dukani. Chupa ni shilingi 7,000. Nauli ya mtu kwenda kuileta na kurudi ni 10,000. Barafu na vikolombwezo vingine ni 2,400. Jumla ni shilingi 19,400. Gawanya kwa 194. Kila kuku analipiwa shilingi 100. Yule shemeji wa kuku sita, ambaye hana kifaranga, anatoa shilingi 600. Angekwenda peke yake angetumia zile zile 19,400, yaani zaidi ya shilingi 3,200 kwa kila kuku. Kwa fedha hiyo ni kweli, bora kuazima tetea.

Mnaona basi. Kinachopunguza bei ni majirani, wala siyo duka.

Tena jirani anahitajika kwa sababu ya pili, ambayo haionekani kwenye hesabu. Ukichanja peke yako, kuku wako wakubwa watakuwa salama kwa sehemu kubwa. Lakini wapo watakaoanguliwa wiki ijayo, yupo aliyelala mtini siku ile mkashindwa kumkamata, na yupo utakayemnunua. Hao hawana kinga. Kideri kikiendelea kuchemka kwa jirani, kitawafikia hao kwanza. Kuku hawajui ua. Wanakula pamoja, wanakunywa pamoja, na jogoo wako ana wake zake nyumba ya tatu.

Mwaka 2025 serikali ilizindua kampeni ya kitaifa ya kuchanja mifugo, na kuku walipangiwa kuchanjwa bure. Kampeni ikifika kijijini tuipokee kwa mikono miwili. Lakini kampeni huja kwa ratiba yake, na kifaranga huanguliwa kwa ratiba ya mama yake. Zile zamu nne za mwaka zinataka watu wa kitongoji wenyewe wawe na kumbukumbu.

KAZI YA MWANAKISOMO

Hapa ndipo kisomo kinapoingia. Nyumba kumi haziwezi kufanya jambo hili kwa maneno ya mdomo tu. Mtu mmoja awe na daftari. Si lazima awe mwenyekiti wa kitongoji wala mtu mwenye kuku wengi. Awe mtu anayeaminika na anayejua kusoma, kuandika na kuhesabu. Katika vitongoji vingi mtu huyo ni mama aliyemaliza kisomo, na kuku ni mali anayoijua.

Wiki moja kabla ya siku ya chanjo apite nyumba kwa nyumba. Aandike jina la mwenye kuku, idadi ya wakubwa, idadi ya vifaranga na fedha iliyotolewa. Aende jioni, kuku wakiwa wanaingia ndani. Mchana hutapata hesabu ya kweli, na wengine wataficha idadi wakidhani ni kodi. Awaeleze wazi daftari ni la nini. Apange siku pamoja na bwana mifugo wa kata, ambaye atawafundisha mara ya kwanza watu wawili au watatu namna ya kudondosha.

Anayekwenda kununua asome chupa kabla ya kutoa fedha. Chupa nyingi zina herufi EXP, na mbele yake tarehe. Hiyo ni tarehe ya mwisho ya kutumika. Ikiandikwa 06/2028, maana yake ni mwezi wa sita mwaka 2028, na baada ya hapo chanjo haifai hata ukipunguziwa bei. Asome pia idadi ya dozi, maana chupa za ukubwa mbalimbali zinafanana. Aangalie kama muuzaji ameitoa kwenye friji au kwenye rafu yenye jua. Chupa ikitoka rafuni, aiache hapo hapo.

Njiani iwe ndani ya themosi yenye barafu, au kwenye kikapu ikiwa imefungwa kitambaa kilicholowa maji. I-2 inavumilia joto kidogo kuliko chanjo nyingine, lakini haivumilii jua, wala haipendi kukaa mfuko wa suruali kutoka Rujewa mpaka hapa.

SIKU YENYEWE

Usiku wa kuamkia siku hiyo kuku wote wafungiwe ndani. Kazi ianze alfajiri, kabla ya milango kufunguliwa na kabla ya jua kuwa kali. Watu wawili wanatosha kwa kila nyumba. Mmoja anamshika kuku akiwa amelala ubavu, jicho moja likitazama juu. Wa pili anashika chupa wima, mdomo chini, na kudondosha tone moja katikati ya jicho. Usigusishe ncha ya chupa kwenye jicho. Ngojeni mpaka kuku apepese na tone liingie, ndipo mumwachie. Mkimwachia mapema atatikisa kichwa na tone litaishia ukutani, nanyi mtaandika daftarini kwamba amechanjwa.

Ikiwa chanjo ni ya kuchanganywa na maji, tumieni maji mnayoelekezwa. Yale ya bomba yenye dawa ya kuulia vijidudu huiua chanjo nayo.

Watoto wasaidie kukamata, hilo wanaliweza kuliko sisi. Mchanjaji anawe mikono kwa sabuni akimaliza na asijipanguse macho, kwa kuwa chanjo inaweza kumletea wekundu wa macho wa siku chache.

Sasa sikilizeni vizuri jambo hili, kwa sababu limevunja mipango ya vitongoji vingi. Wanachanjwa kuku wazima tu. Ikiwa kideri kimeshaingia kitongojini, chanjo imechelewa. Wale waliokwisha kuambukizwa watakufa, hata kama siku ya chanjo walionekana wazima. Wakifa siku tatu baada ya tone, watu watasema tone ndilo limewaua, na safari ijayo hakuna atakayetoa shilingi 100. Kwa hiyo chanjeni Mei hakuna mgonjwa, wala msingoje kusikia kwamba Nyamakuyu wameanza kufa.

Pia chanjo ya kideri hukinga kideri peke yake. Haizuii ndui ya kuku, ile ya vidonda kwenye upanga na machoni. Haizuii mafua, minyoo, wala kuhara damu kwa vifaranga. Mwenye daftari awaambie watu hivyo mapema. Kuku akifa, aandike dalili alizoziona mwenyewe: alihara rangi gani, shingo ilikuwaje, walikufa wangapi kwa siku ngapi. Maandishi hayo bwana mifugo akiyasoma atawasaidia upesi kuliko kuambiwa tu kwamba kuku wamekufa.

Kuku mgeni anayefika kijijini baada ya chanjo awekwe peke yake ndani ya tenga, mbali na wengine, kwa wiki mbili, na apewe chombo chake cha maji. Akiwa na kideri kitajitokeza akiwa humo. Akikaa wiki mbili mzima, atoke, na aandikwe daftarini kwa zamu inayofuata.

ZOEZI

Fanyeni mkiwa kikundi. Anayejua hesabu amsaidie mwenzake, asimfanyie.

1. Kitongoji kina nyumba 8. Kuku wote pamoja na vifaranga ni 150. Gharama zote za chanjo ni shilingi 18,000. Kila kuku atalipiwa shilingi ngapi? Mwenye kuku 9 atatoa shilingi ngapi?

2. Mmechanja tarehe 25 Mei. Andikeni tarehe za zamu tatu zinazofuata.

3. Chupa mbili ziko dukani. Moja ina dozi 100, nyingine ina dozi 200 na bei yake ni kubwa kidogo tu. Kitongoji chenu kina kuku 120. Mtanunua ipi? Zile zitakazozidi mtampelekea nani, naye mtamwambia lini?

4. La kujadili. Mkwe wenu anafika kutoka Mafinga mwezi wa Agosti, na mkononi ana jogoo mzuri wa zawadi. Jogoo huyo lazima akae ndani ya tenga wiki mbili. Mtamwelezaje mkwe bila kumvunjia heshima, na ni nani nyumbani anayefaa kuzungumza naye?